Kadi ya Mtoto wa Tumboni

Mphanje, Dedza
8 Februari 2004

Kaka Laitoni,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya Oktoba imelala chini ya godoro tangu Oktoba, na kila nikiitoa niijibu, mtu analia. Nilijifungua tarehe mbili Novemba, msichana, tumemwita Madalo. Kisha kaka yake akashikwa na surua, kisha mvua na palizi, kisha kalamu yenyewe ikaondoka na mume wangu kwenda mashamba ya tumbaku. Hii ninayoandikia nimeazima kwa mwalimu na anaitaka kabla ya jioni. Sabuni na viatu vilifika, asante. Mama hajambo, macho tu ndiyo yanaendelea kumwacha. Sasa hivi ananitambua kwa nyayo.

Habari iliyonifanya niitafute kalamu ni hii: Katsabola amerudi kijijini.

Ndiyo, yeye mwenyewe, mwenyekiti wa chama wa zamani. Wanawe wa mjini walimleta na gari wiki moja baada ya Krismasi, wakamshusha na mabegi mawili na kiti chake cha mito, wakala kuku, wakaondoka kabla chai haijachemka. Miguu imemvimba kama magunia. Anakaa katika ile nyumba yake ya matofali, mpwa wake wa kike anamtunza. Anasema amekuja kupumzika karibu na mama yake, na mama yake, unajua, yuko makaburini.

Wewe unamjua kwa macho, mimi namjua kwa kusimuliwa. Mama huwa anasimulia yale yale, haongezi neno. Kwamba vijana wa chama walikuja kuuza kadi, wakahesabu watu wa nyumba, wakaona mama ana mimba ya miezi saba, wakasema na huyu aliye tumboni alipiwe yake. Baba akacheka, akawaambia, “Mwacheni azaliwe kwanza. Huenda akataka chama kingine.” Kesho yake wakamchukua. Aprili 1978. Watu walipoanza kulia, Katsabola akaja na Landrova akapiga marufuku: asiyekufa haliliwi, huyu amesafiri. Kwa hiyo mpaka leo mama hajawahi kukalishwa mkekani wala kunyolewa. Si mke, si mjane. Miaka ishirini na sita.

Basi sikiliza. Wiki iliyopita tulikuwa na msiba kwa akina Falesi. Kaburi limekwisha kuchimbwa, Zakeyu, mkuu wa wachimbaji, akasimama na udongo wake magotini mbele ya Mama Chifu na watu wote. Akasema: “Sheria yetu mnaijua. Nyumba isiyokwenda kwenye misiba ya wenzake, siku yao sisi tunakaa kivulini mpaka wajieleze. Basi naarifu mapema, mtu asije akasema hakusikia. Kuna mzee hapa hakuwahi kufika msibani kwa miguu yake, na msiba mmoja aliukataza kabisa. La kwake tutachimba tukishajua Yelemiya Mbewe yuko wapi. Kama ana haraka, majembe tutamwazima achimbe mwenyewe.”

Kaka, watu walicheka makaburini! Hata mfiwa alicheka. Mpwa wake Katsabola alikuwepo, akaenda nyumbani bila kula.

Tangu siku hiyo nawaza, hata nikinyonyesha nawaza. Wewe uliyetembea, umewahi kuona mkubwa wa aina ile akiulizwa swali angali anapumua? Si kwenye redio. Kwa macho yako. Mimi sijawahi, nataka kujua linakuwaje. Mama Chifu yuko tayari kumwita uani kwake aulizwe. Lakini kwa desturi wewe ndiye msemaji wa mama na mimi, na anataka neno lako kwanza. Andika mistari miwili tu: nakubali, aulizwe.

Mdogo wako,
Esinati


Johannesburg
14 Machi 2004

Esinati mdogo wangu,

Hongera sana kwa Madalo. Nimempa dereva wa basi blanketi la mtoto, lile zito, sabuni sita, na matone ya macho ya mama. Chupa ina kifuniko cha kijani, atie asubuhi na jioni. Mwambie nampenda.

Kuhusu yule mzee. Mwacheni.

Unaniuliza kama nimewahi kuona. Nimekuwa mlinzi wa mageti ya wakubwa kwa miaka kumi na minane. Nimemfungulia geti mmoja ambaye zamani alikuwa afisa wa polisi wa huku, na kila mtu mtaani anajua alichokuwa anafanya ndani ya kile kituo. Anamwagilia maua. Ana mbwa mwenye kitanda. Ana miaka tisini na moja na meno yote. Nadhani Mungu huwapa miaka mingi kwa sababu na yeye anaogopa kuwapokea. Hivyo ndivyo nilivyoona, Esinati, na usitumie nguvu za kunyonyeshea kuwaza mambo ya watu hao.

Zakeyu namjua, ni mpiga domo tangu utotoni. Siku Katsabola akifa, wanawe watakuja na jeneza la vioo na ng’ombe wawili, na huyo Zakeyu atachimba huku anaimba.

Na mama ni mzee. Mkimfukua huyo mzee mtamfukua na mama. Yaliyolala yaache yalale.

Umetaka neno langu. Neno langu ni hapana.

Kaka yako,
Laitoni


Mphanje
20 Aprili 2004

Kaka,

Blanketi ni zuri hata mume wangu analionea wivu. Matone yanamwasha mama lakini anasema kinachowasha kinafanya kazi.

Neno lako nimelisoma, na sikulipeleka kwa Mama Chifu. Nililikunja. Nilitaka kwanza nimwone mtu mwenyewe. Utanigombeza, lakini hebu fikiria: mtu huyu alinitafuta mimi kabla sijawa na jina. Je, nisimwangalie hata mara moja?

Mama ndiye aliyenifungashia togwa. Alisema, “Mgonjwa haendewi mikono mitupu, hata akiwa fisi.” Nikamfunga Madalo mgongoni nikaenda.

Yuko kwenye kile kiti chake, kimewekwa barazani, miguu juu ya kiroba cha mahindi. Nilitegemea jitu. Ni mzee mwenye masikio makubwa na soksi za kike. Alikunywa togwa yote, akalamba mdomo, ndipo akauliza, “Wewe mama mtoto, binti wa nani?”

“Wa Yelemiya Mbewe. Mimi ndiye yule wa tumboni, wa kadi.”

Akaweka kikombe chini polepole. Nilidhani atanifukuza. Akaniangalia, kisha akamwangalia Madalo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: “Hivi Zakeyu anatania?”

“Zakeyu hutania kila kitu, mzee, isipokuwa jembe lake.”

“Nina wana wanne mjini.”

“Walikuja lini mara ya mwisho?”

Mpwa wake akadakia kutoka jikoni, “Walituma simu kwa mwalimu! Wakasema akifa tuwajulishe, lakini isiwe katikati ya wiki!” Mzee akamwambia afunge mdomo, naye akamjibu, “Ukifunga wewe, mimi nitafunga.” Kaka, huyu ndiye mtu ambaye zamani watu walizima redio akipita? Nilitamani kucheka nikaona aibu.

Nikamuuliza wazi. Baba yuko wapi? Akasema amesahau. Nikamwambia basi akumbuke bila haraka, nitarudi Jumanne. Nilipoinuka akaniita. Akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno maana nimelirudia njia nzima: “Kadi yako ililipwa, binti. Nyumba yenu haikudaiwa tena.”

Nani aliilipa? Nimemuuliza mama, akasema hana habari, akaenda kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa. Wewe ulikuwa mkubwa wakati ule, miaka kumi na saba. Unajua lolote? Niambie.

Na jingine, nisikufiche. Mama Chifu amesema msemaji akiwa mbali na akikataa, mke wa marehemu mwenyewe anaweza kuomba. Mama ameomba. Sikumshawishi. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaniambia nimshike mkono.

Esinati


Johannesburg
9 Mei 2004

Esinati,

Nakukataza kwenda kwa yule mzee tena. Nakukataza kama kaka na kama msemaji wa nyumba. Ni mwongo tangu zamani, ulimi wake ndio uliomnunulia Landrova. Atasema lolote ili azikwe. Mtamwamini?

Mwambie mama aondoe ombi lake. Nitakuja Krismasi tuzungumze wote kwa utulivu.

Ndani ya kifurushi kuna viatu vya shule, sukari kilo nne, na redio ndogo ya mama. Betri zimo.

Laitoni


Mphanje
27 Juni 2004

Kaka,

Kwenye barua yako nimesoma viatu, sukari, redio na betri. Jibu la nani alilipa kadi nimelitafuta mpaka nyuma ya karatasi. Sasa ninalo, sikulipata kwako.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu nikiruka nitapotea.

Jumamosi tarehe kumi na tisa aliitwa uani kwa Mama Chifu. Kijiji kizima kilikuja, hata watu wa ng’ambo ya mto. Walimleta kwa mkokoteni wa ng’ombe, amekaa kwenye kiti chake kama Askofu. Wakataka kukishusha kiti. Mama Chifu akasema, “Kiti kibaki mkokotenini. Hapa mwenye kiti ni mmoja.” Mzee akasema miguu yake haikunjiki. Zakeyu akamjibu, “Inyooshe, mzee, hata kaburini haikunjwi.” Wakamweka mkekani. Kaka, jinsi ilivyomchukua muda kukaa chini! Mtu akamshika kwapa huku, mwingine kule, na yeye anaangalia ardhi kama anayepima kisima. Sote tulisubiri, hakuna aliyecheka. Nilifikiri, hivi kumbe ndivyo linavyokuwa. Hakuna radi. Ni mzee anatafuta mahali pa kuweka makalio.

Mama Chifu akamuuliza kama anajua kwa nini ameitwa. Akasema anajua, anataka kuzikwa. “Nataka jembe la Mphanje,” alisema. “Mjini sitaki. Mjini watanifukia na tingatinga.”

“Basi Yelemiya Mbewe yuko wapi?”

Akaanza na maagizo ya juu, kwamba kila wilaya ilipewa hesabu ya kadi, kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Mama Chifu akamwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile.

Akasema. Baba alipigwa katika ofisi ya chama, hakufika asubuhi. Walimfukia nyuma ya ofisi, ndani ya mikaratusi. Unajua sasa pale pana nini? Kinu cha kusaga. Mikaratusi ile ndiyo kivuli chetu sisi wanawake tukisubiri unga. Nimekaa pale na ndoo yangu mara mia, nimenyonyesha pale, nimemsema mama mkwe wangu pale.

“Sehemu gani ya mikaratusi? Ni shamba zima lile,” Zakeyu akauliza.

“Sijui.”

“Hujui!”

“Nilikaa kwenye Landrova. Wakubwa hawachimbi.” Alisema hivyo bila kiburi, Kaka, kama mtu anayesema mbuzi hawali nyama.

“Walichimba akina nani?”

Akataja wanne. Watatu wamekufa, watu wakawa wanaitikia kila jina, ‘marehemu, marehemu, marehemu’. Mama Chifu akasema, “Umesema wanne.” Naye akanigeukia mimi, si chifu, akasema: “Nilikwambia ililipwa. Wa nne alivaa shati jekundu la vijana wa chama siku hiyo hiyo ili mama yake na wewe msiguswe. Laitoni Mbewe. Yuko Johannesburg, mwulizeni, yeye anapajua.”

Zakeyu, ambaye ana neno kwa kila kitu, alitazama vidole vyake.

Nikasimama nikasema ni mwongo. Nilipiga kelele, Madalo akaamka. Nilitumia maneno yako: ulimi wake ulimnunulia Landrova. Ndipo mama akanivuta kitenge. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, “Kaa, mwanangu. Nilimwosha mikono mwenyewe. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko.”

Amejua miaka yote. Wewe ulijua, yeye alijua, kila mmoja akimlinda mwenzake, na mimi katikati naandika barua za kuuliza.

Uamuzi wa Mama Chifu ni huu. Mzee Katsabola atazikwa Mphanje, siku yake ikifika. Lakini kwanza baba atafukuliwa na kupewa msiba wake kamili, siku tatu, na mzee atahudhuria siku zote tatu akiwa hai, chini, mkekani, bila kiti, na mbele ya watu atasema tena aliyoyasema. Ukoo wake utaleta unga na kuni. Akifa kabla ya hapo, wachimbaji watabaki kivulini. Mzee alikubali. Aliuliza tu kama anaweza kuletewa blanketi.

Kaka, sikugombezi kwenye karatasi hii. Nataka nisikie kwako. Je, ni kweli?

Esinati


Mphanje
1 Agosti 2004

Kaka,

Hujajibu. Dereva anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia hakuna majibu. Kwa hiyo nakuandikia ya pili, fupi.

Tangu aseme, Katsabola anakula. Uvimbe umepungua, anatembea mpaka chooni na fimbo, anasalimia watoto. Mpwa wake amekasirika, anasema alikuwa ameshajiandaa. Zakeyu anajilaumu hadharani: “Tumemponya fisi!” Mimi mwenyewe sielewi. Nilidhani kusema kungemmaliza. Kumbe kulikuwa kunamvimba miguuni.

Ila mganga wa zahanati amenivuta pembeni akasema nisidanganyike, moyo wake umechoka, hafiki Krismasi. Tuna muda mdogo. Tumechimba sehemu mbili kwa kubahatisha, tumepata mizizi.

Mama anasikiliza redio yako usiku na mchana. Nikikutaja anaongeza sauti tu.

E.


Johannesburg
30 Agosti 2004

Esinati,

Ni kweli.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kwenye kibanda cha getini kuna daftari la kuandika magari, nimechana kurasa zake mpaka bosi ameuliza.

Walipomchukua baba, jioni Katsabola akaniita. Akasema nyumba yenu ina mtoto wa tumboni ambaye hana kadi, na mama mwenye mdomo wa kulia. Ukivaa shati hili, nyumba imelipa. Nikavaa. Nilidhani baba yu hai, Esinati. Nilidhani nikivaa, na yeye watamwachia. Hilo lazima uliamini hata kama mengine yote hutayaamini.

Alfajiri wakatupa majembe. Kilikuwa kitu kimefunikwa turubai. Miguu ilitoka nje, na kidole chake kile kilichokatwa na shoka nilikiona. Sikulia. Niliogopa kwamba nikilia watajua mimi ni wake, wakati walijua tangu mwanzo, ndiyo maana niliitwa.

Nilichimba. Wenzangu wakasema inatosha, mimi nikaendelea. Wakatoka shimoni wakakaa kuvuta sigara, nikaendelea peke yangu mpaka ukingo ukawa juu ya kichwa changu. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nilitaka fisi wasimfikie.

Ulipozaliwa nilikubeba mimi wa kwanza, mama alikuwa hana nguvu. Ulikuwa mzito. Siku ya tatu nikaondoka na wale waliokuwa wanakwenda migodini, na tangu hapo natuma sabuni.

Unaona kwa nini nilisema mwacheni. Si kwa sababu wakubwa hawahukumiwi. Ni kwa sababu nilijua siku akiulizwa atajibu.

Nakuomba tu hivi: msiniite nikakalishwe pale karibu naye. Jeneza nitalipia, zuri, la mti wa mninga, fundi wa mjini atalileta. Niambieni bei. Kuja siwezi.

Laitoni


Mphanje
19 Septemba 2004

Kaka yangu Laitoni,

Barua yako nilimsomea mama nje, chini ya upenu wa majani, watoto nikiwa nimewapeleka kwa jirani. Sikuruka neno. Nilipofika pale ulipochimba peke yako aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu akasema, “Kumbe ndiyo maana alikuwa na udongo mpaka viwikoni,” akaingia ndani akalala mchana, yeye ambaye halali mchana. Alipoamka akaomba maji ya kuoga.

Nami nimelia, kisha nikapika, kisha nikalia tena. Sasa nimemaliza na nataka kukwambia mambo mawili kabla mtoto hajaamka.

La kwanza. Kwamba ulikuwa na miaka kumi na saba, naelewa. Nina mtoto wa kiume, namtazama, najua shati lolote angelivaa kwa ajili yangu. Siwezi kumhukumu mtu aliyelipa kadi yangu. Lakini Kaka, miaka iliyofuata hukuwa na miaka kumi na saba. Ulikuwa na thelathini, ukawa na arobaini, na mama anaketi hapa bila kunyolewa, na mstari mmoja tu wa kalamu yako ungetosha. Hilo nakudai. Sikufutii, wala sikuchukii. Yote mawili yanakaa ndani yangu pamoja, kama mapacha, na yote mawili yanataka kunyonya.

La pili. Nimemuuliza Mama Chifu Laitoni akija atakaa wapi. Akanishangaa. Akasema, “Mtoto wa marehemu hukaa na wafiwa. Kwani anadhani ana mahali pengine?” Zakeyu naye alikuwa anasikiliza, akasema wachimbaji wameongea wao kwa wao. Wanasema aliyemchimbia mtu mara ya kwanza ana haki ya kushika jembe mara ya pili, akitaka. Nakufikishia kama nilivyosikia. Kuja au kutokuja uamue wewe. Usiniandikie tena habari ya Krismasi.

Uliwahi kuniambia Mungu anawaogopa wakubwa. Mimi sina jibu la huyo wako wa maua. Huyu wetu nimemwona akiulizwa. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi, na hata hivyo nisingekubali kukosa kuona. Aliogopa kitu kidogo sana, kulala bila jembe la majirani, na kitu hicho kidogo kilimkalisha chini. Nadhani wengi wao wana kitu kidogo cha namna hiyo, ila hakuna anayekitafuta. Lakini bado hajamaliza. Ijumaa iliyopita miguu ilivimba tena, sasa hadi mapajani, na usemi unaanza kumteleza. Mganga anasema wiki sita. Nataka asikie jina la baba likisomwa akiwa na masikio. Akitangulia, atakuwa amesafiri tu, kama alivyosema baba amesafiri, na mama atabaki alivyo.

Kwa hiyo tufanye haraka. Kibali cha kufukua tumekipata wilayani, Mama Chifu mwenyewe alikwenda akakaa kwenye benchi siku mbili. Unga na kuni ukoo wa Katsabola umeshaleta. Jeneza la mninga hatulitaki. Fundi wa hapa atatengeneza dogo, maana mifupa haihitaji nafasi, na mbao amezitoa bure. Hela usitume.

Nina haja na haya tu, na basi la tarehe tisa Oktoba lisiondoke bila hayo:

Kitambaa cheupe mita sita. Cha pamba, si nailoni.

Misumari ya inchi mbili, nusu kilo.

Rangi nyeusi, kopo dogo, na brashi nyembamba ya kuandikia jina.

Mwaka baba aliozaliwa. Mama anakumbuka mvua tu, hakumbuki mwaka. Nasikia cheti chake cha kazi uliondoka nacho. Kama hutaki kuachana nacho, nakili tarehe.

Wembe mpya mmoja wa kumnyolea mama.

Na karatasi moja umechora kwa mkono wako: ofisi ya zamani ilipokuwa, mkaratusi upi, hatua ngapi kutoka hapo na kuelekea wapi, kichwa mlikilaza upande gani, na kina ni kiasi gani kwa urefu wako wa wakati ule, ili Zakeyu ajue akifika wapi aache jembe aendelee kwa mikono.

Mdogo wako,
Esinati